Nilikitupa kidoli cha mabua: mwaka mmoja nyumbani kwa bibi wa Kipagani, Uingereza

Oktoba 2022, wiki ya tatu tangu nianze kumhudumia, nilisafisha sebule ya bibi mmoja katika kijiji cha Wiltshire, kusini mwa Uingereza. Juu ya meko palikuwa na mawe, manyoya ya ndege, mshumaa ulioyeyuka nusu, na kitu kilichosukwa kwa mabua ya ngano, kimefungwa utepe mwekundu na kushika vumbi. Mawe niliyafuta, nikayarudisha. Mabua niliyatia kwenye mfuko wa taka, na asubuhi ya pili yake gari la taka likapita.

Bibi alipokikosa hakunigombeza. Alikaa akipatazama pale pahala patupu, machozi yanamtoka, na mashine ya oksijeni inaunguruma pembeni yake. Binti yake ndiye aliyeandika malalamiko. Kampuni iliyoniajiri ikanipa barua ya onyo, na usiku ule sikulala. Viza yangu ilikuwa imefungwa kwa mwajiri huyo mmoja. Ukiachishwa, kwa kawaida unapewa siku 60 upate mwajiri mwingine mwenye kibali au urudi kwenu, na mimi deni la nauli na la wakala aliyenishughulikia safari lilikuwa bado halijalipwa hata nusu.

Tuko wengi sasa tunaofanya kazi hii ya kuingia majumbani mwa wazee wa huko, kuwaogesha, kuwalisha na kuwapa dawa. Tunafundishwa kumnyanyua mtu bila kumuumiza mgongo. Nyumba yenye dini usiyoijua hatufundishwi namna ya kuiingia. Nimeandika yaliyonipata ili mwingine asipitie nilikopita.

Kile kitu nilichokitupa kinaitwa kidoli cha mabua, ingawa mara nyingi hakina sura ya mtu. Kwa mila ya wakulima wa Uingereza, mashuke ya mwisho ya mavuno hayakwenda kupurwa kama mengine. Yalisukwa. Ilisimuliwa kwamba roho ya ngano, ikifukuzwa na mundu toka upande mmoja wa shamba hadi mwingine, hukimbilia kwenye mashuke yale ya mwisho. Basi huchukuliwa ikatunzwa ndani ya nyumba majira yote ya baridi, na shamba likianza kulimwa tena hurudishwa ardhini kwenye mfuo wa kwanza. Cha bibi kilisukwa na mumewe, aliyefariki mwaka 2011. Alikuwa hakukirudisha shambani kwa sababu hakuweza kuachana nacho.

Siku ya kwanza binti yake alikuwa ameniambia, kwa upole, kwamba mama yake ni Mpagani, na kwamba mwenyewe hujiita kwa lile neno la Kiingereza ambalo kamusi zetu hulitafsiri "mchawi". Mie nikasikia mchawi. Sikusikia kitu kingine chochote tena.

Nilipompigia Mama simu Makunduchi, Zanzibar, nikamwambia hivyohivyo: namhudumia mchawi. Alikaa kimya, akaniambia, "Mwanangu, usile chake, usimwachie nguo yako, na ukiingia soma." Nikafuata. Kwa wiki tatu nilisoma Ayatul Kursi mlangoni, nilibeba maji yangu kwenye chupa, na chai aliyoniomba ninywe naye niliimwaga kwenye sinki akiwa hatazami. Nilikuwa nikimwogesha mtu ninayemwogopa. Na mzee huujua mkono unaomwogopa. Ngozi yake ilikuwa inakakamaa kila nikimgusa, nami nikadhani ni maradhi.

Leo naona kwamba kosa la kwanza nililifanya kabla ya kidoli, na lilikuwa kosa la tafsiri. Kwetu hakuna anayejitambulisha kwa jina la mchawi. Mganga hujitangaza, mchawi husingiziwa, au hufumaniwa. Neno lenyewe ni mashitaka. Kwa Kiingereza nako lilikuwa hivyo kwa karne nyingi, na watu walinyongwa kwa ajili yake. Lakini sheria ya mwisho ya uchawi ya Uingereza, ya mwaka 1735, ilifutwa mwaka 1951, na mwaka 1954 Gerald Gardner, mstaafu aliyewahi kuwa ofisa wa forodha Malaya, alitoa kitabu kuhusu dini iliyokuja kujulikana kama Wicca. Waliomfuata walilichukua lile neno la matusi wakalivaa wenyewe kwa makusudi. Na "mpagani" vilevile: kwetu ni tusi la mtu asiye na dini, kwao ni jina la dini yao. Katika sensa ya mwaka 2021 watu wapatao 74,000 wa Uingereza na Wales walijiandikisha kuwa Wapagani, na wengine kama 13,000 wakaandika Wicca. Kwa hiyo, ukifanya kazi hii miaka michache, utakutana nao.

Baada ya onyo nilimwomba msimamizi tuongeze ukurasa kwenye mpango wa huduma wa bibi. Nilikaa naye na kalamu nikamuuliza maswali niliyopaswa kuuliza siku ya kwanza. Kipi nisikiguse? Kipi nikifute, kwa kitambaa gani, na nikirudishe kikitazama wapi? Siku gani za mwaka ni kubwa kwako? Kuna chakula usichokula? Ukizidiwa, nimpigie nani mbali na daktari? Alijibu kila kitu, tena kwa furaha iliyonitia aibu. Nikaomba ruhusa ya kuipiga picha ile rafu, na tokea hapo nikimaliza kufuta vumbi nalinganisha na picha.

Nami niliandika upande wangu. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inalinda dini na imani ya anayehudumiwa na ya mfanyakazi pia, na wengi wetu hatujui hicho kipande cha pili. Niliandika kwamba nitaandaa, nitabeba, nitasafisha, nitakaa naye, ila sitaitikia dua zao wala kushika pombe. Msimamizi alikubali bila neno, na bibi akasema nilichelewa tu kusema. Usikae na dukuduku lako kimya ukadhani ndiyo adabu. Mimi lilinigeuza nikawa mkali bila kujijua.

Tarehe 31 Oktoba akaniomba niweke sahani ya tatu mezani. Ni Samhain, sikukuu ya kuingia majira ya giza ya Waselti, watu wa kale wa Ulaya ya magharibi, na inaaminiwa kwamba usiku huo pazia baina ya walio hai na waliokufa huwa jembamba. Sahani ilikuwa ya mumewe. Mikono yangu iligoma. Nilisimama na ile sahani jikoni, na ghafla nikamwona nyanya yangu, kikapu kichwani, ndani yake mkate na udi, anakwenda pangoni kwenye mzimu, nasi watoto tumeambiwa tusifuate na tusiulize. Nyanya yangu alisali sala zake zote tano mpaka anakufa. Nikaenda nikaiweka sahani. Nikakaa jikoni mlango wazi, nikamsikia bibi akimweleza mumewe kuhusu paa linalovuja na bei ya fundi. Hakuna zaidi ya hayo.

Majira ya baridi yalinitesa, na hili nalisema kwa sababu wenzetu hulificha. Mwezi wa Desemba jua linazama saa kumi jioni. Nilikuwa nalia kwenye basi bila sababu. Daktari aliniambia ninywe vitamini D, mikrogramu 10 kila siku, na kwamba sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa tuinywe mwaka mzima. Nunua wiki ile unayofika, ni bei ndogo. Lakini kuna kingine kilichonisaidia. Bibi alinieleza kuhusu siku ile ya karibu na tarehe 21 Desemba ambapo mchana huwa mfupi kuliko zote, na baada yake unaanza kurefuka, kidogokidogo. Kwetu mchana ni karibu ule ule, Januari au Juni, hakuna haja ya kulishangilia jua. Pale ndipo nilipoelewa kwa mwili wangu kwa nini mtu angewasha moto na kuimba kwa sababu jua limekubali kurudi.

Kwao mwaka ni gurudumu lenye sikukuu nane: siku mbili, ya mchana mfupi kuliko zote na ya mchana mrefu kuliko zote, siku mbili za mchana na usiku kulingana, na nne katikati zenye majina ya Kiselti, Samhain, Imbolc, Beltane na Lughnasadh. Nilidhani yote ni ya tangu enzi. Bibi akanisahihisha. Sikukuu moja moja zina mizizi mirefu, lakini kuziunganisha zote nane kuwa mzunguko mmoja ni kazi ya miaka ya 1950, ya Gardner na wenzake pamoja na Ross Nichols, aliyekuja kuanzisha mwaka 1964 jumuiya ya Madruidi, watu wanaofuata njia ya makuhani wa kale wa Waselti. "Mimi nilikuwa msichana wa shule," alisema. Alizaliwa mwaka 1942. Nilipenda kwamba hakuwa na haja ya kunidanganya ili imani yake ionekane kongwe.

Mbele ya nyumba alikuwa na mtofaa mmoja. Tarehe 17 Januari alitaka tuufanyie kama walivyofanya kwao Somerset alipokuwa mdogo: kuugongea masufuria kufukuza mabaya, kuuimbia, na kutundika vipande vya mkate vilivyochovywa kwenye pombe ya matofaa kwa ajili ya ndege. Nilimwambia pombe siwezi. Tukachovya kwenye juisi. Kwa nini tarehe 17 na si tarehe 6, mwisho wa siku kumi na mbili za Krismasi? Kwa sababu mwaka 1752 Uingereza ilibadili kalenda, tarehe 2 Septemba ikafuatiwa na tarehe 14, na wanavijiji wengine wakakataa kuisogeza siku yao.

Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikamwambia kwetu nako siku hutembea. Mwaka wetu wa jua, ule wa Nairuzi, una siku 365 kamili, huhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, na hauna siku ya kuongeza kila mwaka wa nne. Kwa hiyo Siku ya Mwaka hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Wakati wa babu wa babu zetu, katikati ya karne ya 19, iliangukia mwishoni mwa Agosti. Sasa ni Julai. Nikamweleza Mwaka Kogwa wa Makunduchi: watu kukoga baharini, wanaume wa pande mbili kupigana kwa vigogo vya mgomba mpaka hasira za mwaka mzima ziishe, wanawake kuimba, kibanda cha makuti kuchomwa na moshi kutazamwa unaelekea wapi, na kila nyumba kumtafuta mgeni wa kula naye, maana mgeni njoo, mwenyeji apone.

Akaniuliza: nani huingia kwenye kibanda? Anachaguliwaje? Wanawake wanaimba nini? Sikujua. Nimezaliwa pale, nimekula pilau ya Mwaka kila Julai tangu nina meno, na sikuwa nimewahi kuuliza hata swali moja.

Nikampigia Mama. "Abee Mama, bibi anauliza..." Kwanza alicheka, kisha akaguna. Kisha akaongea saa nzima. Tokea siku hiyo simu zetu zikabadilika. Alinisimulia kuhusu wavyale, wale wazee wa mila, na kazi zao, kuhusu mwaka moshi ulipokwenda vibaya, na aliniimbia nyimbo ambazo nyingine aliniambia si za kuandikwa. Mama yangu alikuwa na umri wa miaka 63, na ilibidi mgeni wa Wiltshire aulize ndipo nimjue.

Nirudi kwenye makosa. Imbolc ni tarehe 1 Februari, siku ya Brigid, ambaye Waselti walimjua kama mungu wa kike na Wakristo wa Ireland wakamjua kama mtakatifu. Huwashwa mishumaa. Bibi aliomba mmoja karibu yake, nami nilikuwa bado natafuta kusamehewa kwa kile kidoli, nikawasha. Muuguzi wa wilaya aliingia akanikuta. Alinisogeza kwa mkono, akauzima, ndipo akasema. Moto usiwe ndani ya mita 3 za mtu anayetumia oksijeni, na kuizima mashine hakutoshi, kwa sababu oksijeni hukaa kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye blanketi. Ningeweza kumuunguza akiwa hai kwa ajili ya kumridhisha. Baadaye tulipata njia: mshumaa wa betri karibu naye, na wa kweli nje, ndani ya chupa, auone kupitia kioo cha dirisha. Mkisherehekea na mgonjwa wa mapafu, udi nao ni vivyo hivyo. Hilo linatuhusu hata sisi majumbani mwetu.

Juni, siku ya mchana mrefu kuliko zote, alitaka kuliona jua likichomoza kwenye mawe makubwa yaliyosimamishwa na watu wa kale, mara ya mwisho. Safari hii nilijifunza. Niliomba ruhusa wiki tano kabla, ikafanywa tathmini ya hatari, binti yake akaja, mitungi ya oksijeni ikahesabiwa kwa saa na mmoja wa akiba. Stonehenge, duara la mawe hayo lenye sifa kuliko yote, hufunguliwa bure usiku huo tangu mwaka 2000, lakini watu ni maelfu na kutoka maegesho ni mbali kwa kiti cha magurudumu. Tulikwenda Avebury, duara kubwa ambalo kijiji kimejengwa ndani yake, kondoo wanalisha katikati, na mawe unayagusa. Teksi yenye ngazi ya kiti ilikuwa pauni 95, tukagawana na binti yake. Kosa langu lilikuwa la nguo tu. Nilivaa kwa kuamini neno "kiangazi", na saa tisa za usiku wa Juni uwandani baridi inakwenda mpaka mifupani. Nilisali alfajiri yangu kwenye mkeka kando ya gari. Kiasi cha saa kumi na moja kasoro dakika kumi jua likatoka, watu wenye kanzu nyeupe wakapiga ngoma, na bibi akatia kiganja chake juu ya jiwe akafumba macho. Hakusema kitu mpaka nyumbani.

Mwezi uliofuata Mama akapiga simu ya video toka uwanjani, Mwaka unachomwa. Mtandao ulikatika mara nne. Mara ya tano bibi akauona moshi.

Tarehe 1 Agosti ni Lughnasadh, mwanzo wa mavuno. Hadithi yake ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Lugh, shujaa wa Ireland, alilelewa na mama mlezi aitwaye Tailtiu. Mama huyo alifyeka mapori ya nchi ili watu wapate pa kulima, na kazi ile ikamuua. Lugh akaweka michezo na soko kila mwaka kwa ajili ya kumkumbuka. Ni sikukuu ya mwanamke aliyekufa kwa kuchoka. Nilimfikiria Mama na miaka yake ya mwani, maji ya bahari yakimfika kiunoni.

Nilikuwa nimeagiza fungu la mabua kwa pauni 18. Usinunue ngano yoyote tu, kwa sababu ya siku hizi ni fupi na ndani imejaa. Wanaosuka hutafuta mbegu za zamani zenye mabua marefu matupu, na Maris Widgeon ndiyo inayosifiwa. Unayaloweka majini kiasi cha saa moja yalainike, kisha unasuka matano matano kwa kuzunguka. Bibi alianza kunionyesha, vidole vyake vikamkatalia. Nikayachukua. Nimekua nikisuka ukili wa mikeka, na mabua hayakuwa mageni kwa vidole vyangu. Aliniangalia nikisuka, akasema pole pole kwamba mumewe alikuwa anavuta sana, mimi nalegeza vizuri. Tukafunga utepe mwekundu. Hakikuwa kile cha kwanza na hatukujifanya kuwa ni kile.

Alifariki mwezi wa Novemba, mwaka huo wa 2023, nyumbani, mimi na binti yake tukiwa tumemshika mikono.

Hapa kuna jambo la kujua mapema. Kwa sheria ya Uingereza, anayotaka mtu kuhusu mazishi yake, hata akiyaandika kwenye wasia, hayamlazimishi aliyebaki. Mwenye uamuzi ni msimamizi wa wasia. Mtoto mmoja wa kiume alitaka kanisa. Iliyomwokoa bibi ni kwamba binti aliyemwelewa ndiye aliyeandikwa msimamizi, na alikuwa ameambiwa yote ana kwa ana. Mzee wako akianza kukueleza anavyotaka kuzikwa, usimkatize kwa "usiseme hivyo, utapona", kama nilivyofanya mie mara mbili. Muulize amemwambia nani, na uandike kwenye daftari la huduma.

Alizikwa msituni, kwenye makaburi ya asili, ndani ya jeneza la fito zilizosukwa kama tenga. Hakukuwa na padri wala hakuhitajika kisheria. Siku ile nilikatwa mshahara wa zamu nzima, kwa sababu mazishi ya unayemhudumia hayahesabiwi kazi. Nilisimama nyuma, nikasoma dua yangu kimoyomoyo.

Kidoli nilikiomba kwa binti yake. Machi 2024 mkulima wa jirani alinipa ruhusa, akasimamisha trekta, nami nikakilaza kwenye mfuo wa kwanza, na utepe wake. Plau ikapita.

Usiku nilipompigia Mama, ambaye mwaka mzima uliotangulia alikuwa akisema "yule mchawi wako", aliniuliza, "Bibi wa mabua umemrudishia kitu chake?"

Nikamwambia nimemrudishia.